Shajara ya mradi: Kulinda fremu mpya ya chuma dhidi ya mikwaruzo na mawe ya barabarani

1 Februari 2025: Fremu imefika

Shajara hii ni ya fremu moja tu ya baiskeli, ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni), yenye rangi ya kijani kilichokolea inayong'aa, ambayo imefika Arusha ikiwa tupu, bila krenki (mikono inayoshika pedali), bila waya na bila magurudumu. Nimeamua kuilinda sasa, kabla ya kifaa chochote kufungwa, kwa sababu fremu tupu hufikika pande zote, na filamu ya kulinda rangi, yaani plastiki nyembamba angavu yenye gundi, inaweza kulazwa mahali ambapo baadaye pataziba kwa breki, gia na vishikio vya chupa. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na yaliyoshindikana, ili mwenye fremu kama hii aweze kufuata au kurekebisha anavyoona inafaa.

Baiskeli hii itatembea zaidi kwenye barabara za changarawe: ile ya Oljoro kusini mwa mji, na hatimaye ile inayotoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Huko mawe ni ya volkano, mengi yana kingo kali, na vumbi lake ni laini kiasi cha kupenya kila upenyo. Jiwe dogo linalorushwa na tairi la mbele linatosha kumegua rangi hadi kwenye chuma, na kromoli, pamoja na uimara wake wote, hushika kutu kama chuma kingine. Kutu ikishaanza kwenye kidonda chenye upana wa punje ya mtama haitulii hapo. Hutambaa chini ya rangi iliyo jirani na kuiinua, kwa hiyo doa linaloonekana siku zote huwa dogo kuliko eneo lililokwisha kuharibika. Kwa mwenye fremu ya alumini au ya nyuzi za kaboni madhara yatakuwa tofauti, lakini sehemu za kulindwa ni zilezile.

Leo nimefanya ukaguzi tu. Nimepitisha kidole juu ya kila bomba kutafuta kasoro za usafirishaji, kisha nikapiga picha nambari iliyogongwa chini ya bomba la krenki, kwa sababu nambari hiyo itafunikwa na ndiyo utambulisho wa uhakika baiskeli ikiibiwa. Kando ya nambari kuna tundu dogo la kutolea maji. Nimelizungushia alama ya kalamu, maana bomba la chuma linaloingiza maji bila kuyatoa huoza kwa ndani, na ulinzi wowote wa nje utakaoziba tundu hilo utaleta hasara kubwa kuliko mawe.

9 Februari 2025: Kutafuta mahali mawe yanapopiga

Watu wengi hufunika bomba la juu kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Sikutaka kununua filamu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilitumia baiskeli yangu ya zamani kama kipimo. Nilibandika maski tepu, ile ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, chini ya bomba la chini kwa urefu wake wote, kwenye bomba la siti, kwenye miguu ya foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) kwa ndani na kwenye mabomba mawili ya nyuma yanayopita sambamba na cheni. Kisha nikaendesha barabara ya Oljoro kwa mwendo wa kawaida, huku tairi zikiwa na upana ule ule nitakaoutumia kwenye fremu mpya, yaani milimita 40.

Karatasi ilieleza mengi. Kwenye nusu ya juu ya bomba la chini, karibu na shingo, kulikuwa na vumbi tupu. Kuanzia katikati kushuka, michubuko midogo ilianza kujitokeza, na kadiri nilivyokaribia krenki ndivyo ilivyozidi kusongamana, hadi sehemu ya mwisho yenye urefu wa kiganja ambako karatasi ilikuwa imechanika kabisa. Bomba fupi la krenki lilipigwa vivyo hivyo kwa mbele na kwa chini. Miguu ya foki ilikuwa na mistari myembamba kwa ndani, iliyochorwa na vijiwe vilivyonasa kwenye meno ya tairi. Bomba la siti halikuguswa.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa upande wa kulia nyuma. Karatasi iliyokuwa juu ya bomba la cheni haikuwa na alama za mawe, bali ilikatwakatwa na cheni yenyewe, ambayo kwenye matuta hurukaruka na kulipiga bomba hilo. Vilevile, pale ambapo waya wa breki hugusa bomba la shingo, karatasi ilikuwa imetobolewa duara safi, kana kwamba mtu aliisugua kwa msasa. Ni vumbi lililokwama kati ya waya na karatasi ndilo lililofanya kazi hiyo, kila usukani ulipogeuka.

22 Februari 2025: Njia za bei rahisi, na kwa nini nimeziacha

Fremu ya zamani ina majaribio mengine ya muda mrefu, ambayo nimeyabandua leo ili kuona hali iliyo chini yake. Matokeo yake ndiyo yaliyoamua mpango mzima wa fremu mpya.

Seloteipu pana ya kufungia maboksi ilikuwa imegeuka njano na kukakamaa kwa jua. Ilitoka vipandevipande, na gundi ilibaki kwenye rangi kama ngozi ngumu iliyohitaji mafuta ya taa na uvumilivu mwingi kuitoa. Rangi iliyokuwa chini yake ilikuwa salama, lakini kazi ya kusafisha ilizidi faida.

Tyubu ya zamani iliyozungushiwa bomba la cheni ni njia inayojulikana kila mahali, na kwa sauti ya cheni inasaidia kweli. Nilipoikata, hata hivyo, mchanga laini ulimwagika mezani, na chini yake rangi ilikuwa imefifia kwa mistari inayofuata mizunguko ya tyubu. Karibu na mwisho wa nyuma, ambako maji huteremkia na kutuama, kulikuwa na madoadoa ya kutu. Tyubu haikubani bomba kikamilifu. Iliacha nafasi ya maji na vumbi kuingia, ikazuia vyote viwili visitoke, kisha ikawa inasogea kidogo kila cheni ilipopiga.

Jaribio la tatu lilikuwa bamba lililokatwa kwenye dumu la njano la lita 20, likalainishwa kwa maji ya moto na kufungwa chini ya bomba la chini kwa vifungo vya plastiki vya kukazia waya. Bamba lilizuia mawe njia nzima. Lakini kila mahali kifungo kilipokaza, rangi ilikuwa imelika hadi kwenye rangi ya msingi, na kingo za bamba zilikuwa zimechora mistari miwili mirefu pande zote za bomba.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokamilika. Jiwe hupiga mara moja na kuacha kidonda kimoja, lakini vumbi lililonaswa kati ya rangi na kitu kinachosogea hufanya kazi kila sekunde baiskeli inapotembea. Kwa hiyo chochote kitakachogusa rangi ya fremu mpya lazima kishike chote, bila nafasi chini yake, na chochote kinachohitaji kusogea kisiiguse rangi kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, ile desturi ya kuacha nailoni ya kiwandani kwenye baiskeli mpya kwa miezi mingi siioni kuwa ulinzi. Nimeona baiskeli za Phoenix ambazo chini ya nailoni hiyo maji yalikwisha kukaa na kutu ikashika kabla hata mwenyewe hajaizoea.

2 Machi 2025: Kuchagua filamu na kuijaribu

Kwenye karakana zinazobandika stika na tinti za magari hupatikana aina mbili za filamu angavu. Ya kwanza ni ya PVC, ya bei nafuu, ambayo ikikaa juani hupoteza vilainishi vyake, ikajikunja na kukakamaa. Ya pili ni ya poliyurethani, nene zaidi na yenye kunyumbulika, ambayo hurudi katika umbo lake baada ya kupigwa. Poliyurethani ndiyo iliyotumika kwanza kulinda kingo za mbele za mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga, na hadi leo waendesha baiskeli wengi duniani huiita tepu ya helikopta. Kuitambua si vigumu: vuta ukanda mwembamba kwa vidole, poliyurethani hunyooka kama mpira na kurudi, ilhali PVC hunyooka na kubaki ilivyo.

Nimenunua masalio ya filamu ya poliyurethani kwenye karakana ya magari, yenye unene wa karibu milimita 0.2, upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1.5, kwa shilingi 40,000. Masalio yanatosha kwa baiskeli. Hakuna haja ya kununua kutoka kwenye roli nzima. Fundi alijaribu pia kunishawishi nipake dawa ya keramiki, kimiminika cha kung'arisha rangi. Nimekataa kwa sababu tabaka lake lina unene wa mikroni (elfu za milimita) chache tu. Hurahisisha kuosha matope na huipa rangi mng'ao, lakini haliwezi kuzuia jiwe. Nta ni vivyo hivyo, tena nta iliyotangulia huzuia gundi ya filamu kushika.

Kabla ya kugusa fremu mpya nilijaribu kipande kwenye fremu ya zamani, sehemu ambayo ilipulizwa rangi ya kopo si muda mrefu uliopita, nikakibandua baada ya siku chache. Filamu ilitoka pamoja na rangi. Gundi haikuwa na kosa; rangi yenyewe ndiyo haikuwa imeshika chuma. Sehemu yenye rangi ya kiwandani, iliyokaushwa kwa joto, haikudhurika hata kidogo. Mwenye fremu iliyopakwa upya na fundi asibandike chochote hadi rangi ikomae kabisa, ambalo ni suala la majuma kadhaa, na hata hapo ajaribu kwanza mahali pasipoonekana.

8 Machi 2025: Kubandika

Nilianza na vipimo. Bomba la chini lina kipenyo cha milimita 31.8, yaani mzunguko wa karibu milimita 100. Kipande chenye upana wa milimita 65 hufunika upande wa chini wote na mbavu mbili, huku ukingo wake ukiishia mahali ambapo mawe hayafiki. Nilikata kwanza vielelezo vya karatasi, nikavijaribu kwenye fremu, ndipo nikavihamishia kwenye filamu. Kila pembe niliikata kwa mviringo, nikitumia sarafu kama kipimo, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoinuka kwanza.

Adui mkubwa wa kazi hii mwezi wa Machi, kabla mvua hazijakolea, ni vumbi la hewani. Barazani haiwezekani. Niliifanyia kazi bafuni, baada ya kumwaga maji sakafuni na kwenye kuta na kufunga dirisha, nikasubiri hadi vumbi lililokuwa likielea lishuke lote. Nilivaa fulana ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Hatua hiyo haigharimu kitu, na ilinipa matokeo safi kuliko nilivyowahi kupata nje.

Fremu niliiosha kwa sabuni laini, nikaikausha, nikaifuta kwa spiriti ya duka la dawa. Chupa ya kupulizia niliijaza maji na matone machache ya shampuu ya watoto. Maji hayo hunyunyizwa kwa wingi kwenye fremu na kwenye gundi ya filamu pia, ili kipande kiweze kuteleza hadi kikae sawa. Kikishakaa, hushikizwa kwanza kwenye mstari wa katikati ya bomba kwa urefu wote, kisha maji husukumwa nje kuelekea kila upande kwa kadi ya zamani ya benki iliyovikwa kitambaa laini. Usianze upande mmoja kwenda mwingine. Filamu itajipinda kabla hujafika nusu.

Sehemu ngumu ilikuwa ni pale bomba la chini linapokutana na bomba la krenki, mahali penye mikunjo miwili inayopingana. Huko filamu moja haikubali. Nilipoilazimisha kwa kuivuta na kuipasha moto kwa drai ya nywele, ilikaa kwa dakika chache, kisha ikarudi na kuacha kifuko cha hewa. Fundi wa karakana alikuwa ameniambia mapema, "Ukiivuta sana, kaka, itakudai baadaye," na ndivyo ilivyokuwa. Nilikitoa kipande hicho na badala yake nikatumia viwili: kimoja kinaishia kwenye kovu la kuchomelea, kingine kinaanzia hapo na kufunika bomba la krenki kwa milimita chache za kupandana, huku ukingo wa juu ukielekea nyuma ili maji na matope yateleze juu yake badala ya kuingia chini. Tundu la kutolea maji nililiachia duara wazi.

Nilimalizia kwa vipande vidogo: viwili kwenye bomba la shingo mahali waya zitakapogusa, kimoja juu ya bomba la juu ambako usukani unaweza kupiga baiskeli ikianguka, viwili ndani ya foki, na kimoja kirefu kwenye bomba la cheni. Viputo vya maji vilivyobaki niliviacha, kwa sababu maji hupenya filamu polepole na kukauka yenyewe. Kiputo cha hewa hakiondoki hivyo. Hutobolewa kwa sindano nyembamba na kubonyezwa.

16 Machi 2025: Ncha zimeinuka

Baada ya wiki moja ncha kadhaa za filamu kwenye bomba la chini zimeinuka, na nyingine zimeshaanza kukusanya mstari mweusi wa uchafu. Pembe za mviringo hazikusaidia, na ncha zilizoinuka hazikuwa zimevutwa. Sababu nimeipata kwenye spiriti. Baadhi ya spiriti za kusafishia vidonda huongezwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya rangi baada ya spiriti kuyeyuka. Nilidondosha tone moja kwenye kioo cha dirisha na kulisubiri likauke. Likaacha doa linaloteleza ukiligusa. Isopropili halisi, yaani spiriti isiyoongezwa mafuta, iliyowekwa kando yake, haikuacha chochote.

Marekebisho yalikuwa haya: nilipasha ncha joto kidogo, nikaziinua hadi mahali gundi ilipokuwa imeshika vizuri, nikafuta rangi na upande wa gundi kwa kitambaa chenye isopropili, nikaacha vikauke kabisa, kisha nikabonyeza kwa kidole gumba huku nikiendelea kupasha joto. Ncha ambazo gundi yake ilikuwa imeshachafuka sikuziokoa; nilizikata kwa wembe mpya kwa mkono mwepesi, filamu pekee bila kugusa rangi. Anayetaka kufuata kazi hii na afanye jaribio la kioo kabla ya kuanza. Ni la dakika chache, na lingeniepushia nusu ya matengenezo ya leo.

Kuanzia hapo fremu imekaa ndani siku mbili bila maji, kisha ikafungwa vifaa.

19 Aprili 2025: Masika na bomba la cheni

Mvua zimeipima kazi vizuri. Filamu ya bomba la chini imekaa imara, matope yanaoshwa kwa maji tu, na mikwaruzo midogo kama nywele iliyotokea juu yake hufifia baiskeli ikikaa juani, kama filamu hizi zilivyokusudiwa kufanya.

Bomba la cheni ni habari nyingine. Cheni imeikata filamu mahali kadhaa upande wa juu, na sehemu moja kidonda kimefika kwenye rangi, ingawa hakijafika kwenye chuma. Unene wa milimita 0.2 unatosha kwa jiwe dogo linalopiga na kuondoka, lakini hautoshi kwa cheni ya chuma inayopiga mahali pamoja bila kukoma. Kurudi kwenye tyubu haikuwezekana kwa sababu nilizozieleza mwezi Februari.

Suluhisho limetoka kwa mafundi umeme. Wanauza tepu ya mpira isiyo na gundi, ambayo ukiinyoosha na kuizungusha hujishika yenyewe kwa yenyewe na kuwa kitu kimoja. Niliondoa filamu iliyokatika, nikaweka mpya kuzunguka bomba lote, kisha juu yake nikazungusha tepu hiyo huku nikiivuta na kuhakikisha kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia, nikianza nyuma na kumalizia mbele. Mahali cheni inapopiga zaidi nimeongeza tabaka la pili. Mpira unachukua pigo, na maji au vumbi lolote litakalopenya chini ya mpira litakutana na filamu, si rangi. Kelele za cheni pia zimepungua sana, jambo ambalo sikulikusudia lakini nalifurahia kila ninapopita kwenye matuta ya Njiro.

25 Mei 2025: Mikoba na madigadi

Kwa safari ya Ngaresero nilihitaji mkoba unaofungwa ndani ya pembetatu ya fremu. Mikanda yake ni ya velkro, na upande wa ndani wa velkro yenye vumbi hukwangua rangi upesi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona kwenye baiskeli. Nimefunga mkoba ukiwa na mzigo, nikachora kwa penseli mahali kila mkanda unapopita, nikauondoa, na kubandika ukanda wa filamu wenye upana wa sentimita moja zaidi kila upande. Mikanda lazima ikazwe kabisa. Mkanda uliolegea utaisaga hata filamu.

Kazi kubwa zaidi imekuwa kupunguza mawe yenyewe kabla hayajaifikia fremu. Baiskeli kubwa za mizigo ambazo Kenya huitwa Black Mamba zina madigadi ndefu, na nyingi huongezewa kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu la mbele. Mpira huo una maana yake: jiwe linaloruka chini ya madigadi hukutana na kitu laini. Nimefunga madigadi ya mbele ya plastiki kwenye foki, nikaongeza kipande cha tyubu ya gari mwishoni mwake, kikifika sentimita 10 juu ya ardhi. Madigadi inashikwa kwa skrubu kwenye matundu ya foki na haigusi rangi ya fremu popote. Nafasi kati ya tairi na madigadi haipaswi kupungua milimita 10 kwenye barabara za mawe, kwa sababu jiwe likikwama hapo gurudumu la mbele linaweza kusimama ghafla, na hilo ni hatari kwa mwendeshaji, si kwa rangi.

28 Juni 2025: Ukaguzi baada ya Ngaresero

Barabara ya Engaruka ilikuwa kavu, yenye mawe yaliyolegea na sehemu ndefu za mchanga. Jioni ya kurudi niliosha baiskeli kwa maji mengi, hasa kwa kuwa karibu na Ziwa Natron vumbi huchanganyika na magadi, na sikutaka chumvichumvi hiyo ilale juu ya chuma.

Chini ya bomba la chini filamu ina vishimo vidogo, vingi karibu na krenki, lakini hakuna hata kimoja kilichopenya. Kwa mwanga wa tochi unaoanguka kwa pembeni unaviona wazi, na ukipitisha ukucha juu yake unavihisi. Rangi ya kijani chini yake ni nzima. Madigadi na mpira wake vimepunguza mapigo kwa kiasi kinachoonekana nikilinganisha na zile karatasi za Februari. Chini ya mikanda ya mkoba filamu imepoteza mng'ao, na hilo ndilo jukumu lake.

Jeraha limepatikana mahali pamoja: chini ya bomba la nyuma la kushoto, sentimita mbili tu baada ya filamu kuishia, jiwe limemegua rangi hadi kwenye chuma. Nililitengeneza jioni ileile kabla umande haujaligusa. Nilisugua kingo za kidonda kwa kipande kidogo cha msasa namba 400 kilichokunjwa hadi kikawa na ncha, nikafuta kwa isopropili, nikaweka tone la rangi ya msingi yenye zinki kwa kijiti cha meno. Siku iliyofuata nilianza kuweka rangi ya kucha ya kijani kinachokaribiana na cha fremu, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, hadi likawa sawa na rangi ya pembeni. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani, kisha huchomoka zima. Juu yake, baada ya kukomaa, nitabandika filamu, na kuirefusha hadi katikati ya bomba pande zote mbili.

13 Julai 2025: Basi, gharama, na kinachoendelea

Kidonda pekee kwenye bomba la juu tangu mradi uanze hakikutoka barabarani. Kilipatikana kwenye buti la basi, ambako baiskeli ililala chini ya sanduku la chuma. Tangu hapo kila safari ya basi navika mabomba matatu makubwa kwa sponji ile ya mafundi wa viyoyozi inayovalishwa mabomba ya gesi, iliyopasuliwa upande mmoja, na kuifunga kwa vipande vya tyubu. Huondolewa mara tu baiskeli ikishuka, isije ikageuka mtego wa vumbi kama ile tyubu ya zamani. Sponji nilipewa masalio bure.

Gharama hadi leo ni hizi: filamu shilingi 40,000, isopropili nusu lita 9,000, spiriti isiyofaa 2,500, shampuu ya watoto 3,500, maski tepu 2,000, kisu cha karatasi na wembe zake 2,000, tepu ya mpira 7,000, msasa 2,000, rangi ya msingi na rangi ya kucha 6,000, madigadi ya mbele 15,000, na vifungo vya plastiki vya lile bamba la dumu 3,000. Jumla ni shilingi 92,000, na katika hizo 5,500 hazikuzaa kitu. Robo hivi ya filamu imebaki, nayo inatosha kubadilisha vipande vya mikanda ya mkoba na kufunika mabomba ya nyuma nilivyoeleza.

Filamu ya bomba la chini sitaibadilisha hadi ionekane kupenywa. Ikifika siku hiyo itapashwa joto kwanza, kisha kuvutwa polepole ikilala karibu na bomba, wala si kuinuliwa wima, ili gundi itoke pamoja nayo. Kabla ya mvua za vuli nitaondoa krenki ili kukagua ndani ya bomba lake kama tundu la maji bado liko wazi, na kupaka mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba yote. Nitaongeza sehemu hiyo hapa ikikamilika.